Gridi ndogo mwisho wa laini: anza na daftari, betri baadaye

Kwa miaka ishirini hapa Uganda neno umeme lilikuwa na maana mbili. Lilikuwa stima yenyewe, na lilikuwa jina la kampuni iliyokuwa ikiisambaza, tangu Machi 2005 hadi tarehe 31 Machi 2025 ilipokabidhi nguzo na nyaya kwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme. Jirani akipiga kelele "Umeme wamekuja!" ilibidi uulize kwanza: taa zimewaka, au wamekuja na ngazi kukata?

Mimi ni fundi wa umeme, ule wa maana ya kwanza. Niko wilaya ya Busia, upande wa Uganda, kwenye barabara inayoshuka Majanji ziwani, na watu wananiita Mama Fyuzi. Kiswahili changu ni cha mpakani, kina vumbi la barabara, mtanivumilia. Naandika kwa sababu kila baada ya muda napigiwa simu na kamati ya kijiji, au mwenye kliniki, au vijana wa Sacco: "Mama, tunataka gridi yetu ndogo. Tununue betri ngapi?" Gridi ndogo ni paneli za jua, betri na nyaya za kijiji chenyewe, na swali hilo limeanzia mkiani. Nitaeleza tulivyofanya kwenye kituo chetu cha biashara na mahali tulipojikwaa, nawe uchukue linalokufaa.

Ujue ugonjwa kabla ya dawa

Kituo chetu kina laini ya taifa tangu zamani. Shida ni kwamba sisi ndio mwisho wake. Pima kwa multimita saa moja jioni, kila mtu akiwa amewasha: soketi ya duka la kona inasoma volti 172, na inatakiwa iwe 240. Friza inanguruma bila kugandisha kitu, na balbu zile za zamani zinageuka rangi ya kaa la moto. Amka saa nane usiku upime soketi ile ile: 236. Waya haukubadilishwa, transfoma haikuguswa. Watu wamelala tu.

Kwa hiyo usilaumu mabwawa. Nalubaale ya Jinja, iliyofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, ina megawati 180. Kiira jirani yake ina 200, Bujagali 250, Isimba 183, na Karuma iliyozinduliwa 2024 ina 600. Hiyo ni Nile moja, na jumla imepita megawati 1,400. Mwaka 2006 ziwa liliposhuka, kweli umeme ulikuwa haupo, tulikaa na mgao mpaka tukazoea. Leo umeme upo, kilichochoka ni njia. Waya mwembamba ulivutwa kilomita nyingi kwa ajili ya watu wachache, watu wakawa wengi, waya ukabaki ule ule. Ni bomba la nusu inchi linalonywesha kijiji kizima: aliye karibu na tangi anajaza jerikeni, wa mwisho anakinga matone.

Na mtu wa mwisho wa bomba hufanya nini? Hununua pipa. Usiku wenzake wakilala maji yanamfikia kwa nguvu, anajaza, na jioni ya pili anachota kwake bila kugombana na mtu. Betri ya gridi ndogo ndiyo pipa hilo. Jua linaijaza mchana, laini ya taifa inaongezea usiku wa manane kama mawingu yalizidi, na jioni inatoa. Laini ikikatika kabisa, kituo kinajitenga na kuendelea peke yake. Ikirudi, kinajiunga. Hata laini yenyewe inapata nafuu, maana saa ile ya kilele sisi wa mkiani hatuivuti tena.

Daftari la siku saba

Kabla ya paneli, kabla ya kuchangisha hata shilingi, nunua daftari la kurasa tisini na sita na kalamu. Mpe kijana mmoja mwaminifu, mmoja tu, apite kila mlango siku saba mfululizo, ikiwemo siku ya soko na siku ya ibada. Kila mlango aandike mambo matatu: kifaa gani, wati ngapi, kinawashwa saa ngapi mpaka saa ngapi. Hilo la tatu ndilo watu wanaliruka, na ndilo lenye pesa.

Usiamini wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa. Redio ya spika kubwa imeandikwa wati 2,000, ukiipima inakula 60. Friza kuukuu imeandikwa wati 150, na kwa siku inakula yuniti mbili na nusu kwa sababu mpira wa mlango umekatika. Nunua kale ka mita kadogo ka kuchomeka kwenye soketi, ukaache huko siku nzima, urudi kusoma.

Daftari letu lilitoka hivi, kwa yuniti za siku moja, yaani kilowati-saa. Nyumba 26, kila moja 0.35, ni 9.1. Maduka, saluni na vikafunda (vibaa vya mtaani), jumla tisa, kila kimoja 1.2, ni 10.8. Kituo cha afya na friji yake ya chanjo, 4. Friza tatu za samaki, 7.5. Fundi wa kuchomelea vyuma, 3. Pampu ya kisima, 4.4. Kinu cha kusaga, 18. Jumla 56.8, nasi tukaandika 57.

Kaa na hesabu hiyo usiku mmoja kabla ya kufanya lolote. Sisi ilituonyesha kwamba kinu kimoja kilikuwa kinakula kama nyumba zote na kituo cha afya kwa pamoja, kisha unaongeza pampu. Na kinu kilikuwa kinasaga jioni.

Betri zisizo na risiti

Nilikwenda kwa mzee mwenye kinu nikamkuta amekaa juu ya gunia, mweupe kwa unga mpaka kope.

"Mzee, ukisaga saa sita mchana badala ya jioni, tunaokoa betri tano."

"Mama Fyuzi, saa sita watu wako shambani."

"Wao wako shamba. Mahindi je?"

Alicheka, ila hakukubali siku hiyo. Alikubali wiki ya pili, tulipomwandikia bei mbili: yuniti ya mchana kati ya saa nne na saa tisa ni nafuu, ya jioni ni ghali. Sasa akina mama wanapitisha debe asubuhi wakielekea shamba, limeandikwa jina kwa chaki, na jioni wanachukua unga tayari. Foleni imeisha. Kumbe hata kabla ya umeme ilikuwa inawachosha.

Hizo betri tano sikuzitoa hewani. Yuniti 18 za kinu zikitumika usiku lazima zipite kwenye betri. Betri ya lithiamu usiitoe zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, nayo inameza kama asilimia 10. Gawanya 18 kwa 0.8, kisha kwa 0.9: ni 25. Betri moja ya volti 51.2 na ampea-saa 100 inabeba yuniti 5.12. Ndiyo tano hizo, kwa ajili ya mashine moja ambayo haina haja ya giza.

Ukishaona hivyo utaona betri kila mahali. Tangi la maji la lita 10,000 ni betri: pampu inalijaza jua likiwa kali, usiku maji yanashuka yenyewe. Barafu ni betri pia. Tuliwaambia wenye friza wapange chupa za maji pembeni na chini ya samaki, zigande mchana, kisha saa ya swichi inazima friza saa nne usiku na kuiwasha saa kumi na mbili asubuhi. Sangara hajui tofauti. Mitambo ya jua ya visiwani inaujua ujanja huu. Kisiwani Lolwe, wilaya ya Namayingo, umeme wa jua unatengeneza barafu ya wavuvi, maana barafu ndiyo wanayoitafuta.

Ukimaliza kuhamisha kila kinachohamishika, ndipo uhesabu betri ya kweli kwa kile kilichobaki usiku. Kwetu: nyumba 7, maduka na vikafunda 6, kituo cha afya 2, friza 4, jumla 19. Gawanya kwa 0.8 na 0.9, unapata 26 na kidogo. Tuliweka betri sita, yuniti 30.7. Zile 4 za friza tuliziacha kwenye hesabu ingawa ujanja wa barafu umezipunguza, nazo ndizo zimekuwa akiba yetu ya siku za mawingu.

Paneli ni hesabu fupi. Upande wetu huu wa mashariki, kilowati moja ya paneli inayotazama juu bila kivuli napiga yuniti nne kwa siku, ili mvua za Aprili na Novemba zisinicheke. 57 gawanya kwa 4 ni 14. Tukaweka 36 za wati 550, karibu kilowati 20, kwa sababu betri inapoteza kidogo na kijiji hakiachi kukua. Mwembe uliokuwa unatupa kivuli saa kumi jioni ulikatwa matawi, na mzozo wa mwembe huo ni hadithi nyingine.

Kununua betri bila kulia

Betri za asidi bado zinauzwa na bado kuna watu watakuambia ni rahisi. Hesabu nao. Asidi usiitoe zaidi ya nusu, kwa hiyo kwa yuniti 19 unahitaji 42 za ujazo. Betri ya volti 12 ampea-saa 200 ina 2.4, unahitaji kumi na nane, na kwa kuwa zinaunganishwa nne nne kupata volti 48, unanunua ishirini. Zikitumika kila usiku kwenye joto letu utazibadilisha mapema kuliko watoto wako watakavyomaliza primari. Lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, ambayo haishiki moto kirahisi kama ile ya simu, hupewa mizunguko elfu kadhaa. Hapo bei inajieleza.

Lakini ukilazimika kununua asidi au jeli, nenda na mizani. Sitanii. Miaka ya nyuma nilinunua mbili dukani Kampala, duka sitalitaja, zimeandikwa ampea-saa 200 kwa herufi kubwa za dhahabu. Zilipochoka miezi minne baadaye nikaziweka kwenye mizani ya kupimia mahindi. Kilo 38. Betri ya kweli ya ukubwa huo inakaribia kilo 60, kwa sababu risasi haina njia ya kuwa nyepesi. Tangu hapo kila betri inapanda mizani kabla ya pesa kutoka mfukoni. Lithiamu ya uongo huwezi kuikamata kwa mizani. Hiyo idai ripoti yake ya kupimwa ujazo, na uiunganishe pale pale uone kama kompyuta yake ya ndani inazungumza na inveta.

Chumba cha betri: matofali, dari chini ya bati, madirisha madogo pande mbili. Bati tupu saa nane mchana linafanya chumba kuwa tanuri, na joto ndilo linaloua betri kuliko kazi. Weka wavu wa matundu madogo kweli, ule wa mbu, si ule wa kuku. Sisi tuliweka wa kuku. Usiku wa tatu inveta moja ilizima kwa mlio, nikafungua kifuniko nikakuta mjusi kafiri amelala kifudifudi juu ya sakiti, mkono mmoja kwenye chanya, mkia kwenye hasi, mkavu kama mukene (dagaa) wa siku tatu. Alifuata joto. Bodi mpya ilichukua wiki mbili kufika.

Waya, na ngoma inayoongozwa

Usirudie kosa la laini iliyokuchosha. Chukua kundi la nyumba lililo mita 400 kutoka chumba cha betri, lenye mzigo wa kilowati 5, kwenye waya wa alumini wa milimita 35 za mraba. Ukitumia fezi moja, yaani waya mmoja wa moto na mmoja wa nyutro wa kurudishia, ampea 21 zinakwenda na kurudi, na njiani unaacha volti 14 hivi, asilimia 6. Gawa mzigo huo huo kwenye fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto zinazopokezana, kwa usawa, hasara inashuka mpaka volti mbili na kitu. Ni nguzo zile zile. Ndiyo maana nasema vuta fezi tatu tangu siku ya kwanza, na ukae na daftari lako ugawe nyumba: nyekundu, njano, bluu. Saluni mbili na kafunda zisikae fezi moja.

Inveta ziko za tabia mbili, na hapa mafundi wengi vijana wanapotea. Fikiria ngoma ya harusi. Yuko mmoja anayeshika mdundo, wengine wanamfuata. Inveta nyingi za bei nafuu ni za kufuata: zinasikiliza laini ya taifa inapiga hezi 50, yaani midundo 50 kwa sekunde, nazo zinapiga hivyo hivyo. Laini ikikatika, hazina wa kumfuata, zinanyamaza, hata jua liwe kali namna gani. Gridi ndogo inahitaji angalau moja inayoweza kushika mdundo yenyewe, kwa nguvu ya betri. Uliza dukani swali hilo moja kwa moja: ikiwa peke yake bila laini, inaendesha fezi tatu? Muuzaji akianza kukuonyesha rangi ya skrini, ondoka.

Sisi tuna tatu za kilowati 8, moja kwa kila fezi, zimefungwa waya wa mawasiliano zipige pamoja. Betri ikijaa na jua bado linamwaga, zinapandisha mdundo kidogo kupita hezi 50, na inveta za paneli zikisikia hivyo zinapunguza zenyewe. Uzuri wake ni kwamba hakuna simu, hakuna intaneti, ni mdundo tu kwenye waya.

Mota ya kinu ni farasi kumi, kilowati 7.5. Ikianzishwa kwa swichi ya kawaida inavuta mara sita ya ampea zake kwa sekunde chache, na sekunde hizo zinatosha kuangusha kituo kizima. Iwekee draivu inayoianzisha polepole. Iligharimu, lakini bila hiyo ningelazimika kununua inveta kubwa mara mbili kwa ajili ya sekunde tano za kila asubuhi.

Swichi ya kujitenga

Kama umesoma kwa kuruka, hapa usiruke.

Baba yangu alikuwa fundi wa laini, wa kupanda nguzo. Siku moja laini ilikuwa imezimwa kwa matengenezo, mwenzake yuko juu, karatasi zote zimesainiwa. Mjini mwenye baa akachoka kungoja, akawasha jenereta lake akaliunganisha kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye ncha mbili. Umeme wake wa volti 240 ukatoka nyumbani, ukapanda nguzo mpaka kwenye transfoma, na transfoma haijui nani mbele nani nyuma. Inayoshusha volti 11,000 kuwa 240, ukiilisha 240 kwa upande wa chini inapandisha kuwa 11,000. Yule mwenzake alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi kushika koleo. Baba alinisimulia mara nyingi, kila mara akiishia na mwenye baa: hakuwa mtu mbaya, alitaka soda zipoe.

Gridi ndogo ni jenereta la mwenye baa, kubwa zaidi na linalojiwasha. Kwa hiyo kati yako na laini ya taifa lazima iwepo kontakta, yaani swichi inayofunguka yenyewe mara laini inapokatika, kabla inveta haijaanza kupiga mdundo wake. Isiwe programu tu ndani ya inveta. Iwe chuma kinachoachana na chuma, unachoweza kukiona. Na kando yake iwepo swichi ya mkono yenye tundu la kufuli, mahali ambapo fundi wa UEDCL anaifikia bila kumwomba mtu ufunguo wa chumba. Afunge kufuli lake, aondoke na ufunguo wake mfukoni, apande nguzo.

Ukijitenga, waya wa nyutro nao unapoteza ardhi yake, maana ardhi yake ilikuwa kwenye transfoma. Hakikisha inveta ina rilei inayoshika nyutro na fimbo yako ya ardhini wakati huo, la sivyo breka za kulinda watu hazitaruka mtoto akigusa pasi mbovu. Jaribu kwa kifaa, usijaribu kwa imani.

Laini ikirudi, usiiamini haraka. Umeme wetu unarudi, unakatika, unarudi tena kama jogoo anayesahau saa. Tulipanga inveta ingoje dakika tano za volti tulivu, ndipo ilinganishe midundo, volti kwa volti na hezi kwa hezi, mawimbi yakipanda pamoja, kisha kontakta ifunge. Ikifunga midundo ikiwa imepishana, utasikia kishindo na utanunua kontakta nyingine.

Radi sisi watu wa ziwa hatuhitaji kufundishwa. Vizuia radi upande wa paneli na upande wa laini, fimbo za ardhini zaidi ya moja zilizounganishwa pamoja, na waya wa ardhi uwe mfupi na ulionyooka.

Karatasi na shilingi

Kabla ya kusimamisha nguzo hata moja, nenda ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme hapa Uganda. Wao ndio wanaotoa leseni, au cheti cha kusamehewa leseni kwa mitambo midogo, chini ya Sheria ya Umeme ya 1999 na marekebisho yake ya 2022, na wiring ifanywe na fundi mwenye kibali chao. Kuungana na laini kunahitaji makubaliano na UEDCL. Mpaka uyapate, inveta ipangwe isirudishe hata wati moja nje: ichukue, isitoe. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awe na nakala za karatasi zote, kwa sababu mgeni wa kwanza kuuliza ataanzia kwake.

Ukipata mita ya biashara ya fezi tatu, bei inatofautiana kwa saa: ghali jioni, nafuu usiku wa manane mpaka alfajiri. Panga betri ijazwe na laini saa hizo za nafuu tu, na jioni isiiguse laini kabisa. Sisi tunaangalia mawingu ya jioni: kama betri ilifika nusu tu, tunaruhusu ijazwe usiku, kama ilijaa, tunangoja jua.

Wateja wanalipa kabla, kwa namba ya tokeni, kama Yaka waliyoizoea, na pesa inaingia kwa simu. Usikubali malipo ya mkononi, hata kwa shangazi yako. Katika kila yuniti, shilingi 150 zinakwenda akaunti ya betri moja kwa moja. Yuniti 57 kwa siku ni kama 20,800 kwa mwaka, na hiyo ni milioni 3 na laki 1. Akaunti hiyo ina sahihi tatu: mimi, mweka hazina wa Sacco, na sista wa kituo cha afya. Mwaka wa kwanza kamati ilitaka kuikopa kununua viti vya matanga. Sista alikataa kusaini, akaitwa mwenye roho ngumu mpaka Krismasi.

Siku ya kujaribu

Chagua siku ya jua, saa nne asubuhi, si usiku. Sista asimame karibu na friji ya chanjo na kipimajoto chake, mzee wa kinu awe anasaga, fundi wa vyuma awe na kazi mkononi. Wewe simama kwenye swichi kuu na saa. Ishushe. Taa zikipepesa mara moja na kinu kikiendelea kunguruma, umefika. Sisi mara ya kwanza kila kitu kilizima, kwa sababu waya mmoja wa mawasiliano kati ya inveta ulikuwa haujabanwa. Mara ya pili kilizima kinu peke yake. Mara ya tatu kilishika, na fundi wa vyuma hakujua hata kama tumeshakata.

Kisha rudia usiku, bila kumtangazia mtu. Sisi laini ilitutangulia, ikakatika yenyewe saa mbili usiku, nikatoka nje na daftari. Upande wetu uliwaka wote. Ng'ambo ya barabara, ambako hawakutaka kujiunga, palikuwa giza tupu, isipokuwa nyumba moja: taa mbili, na runinga ina taarifa ya habari. Nikafungua daftari, nikatafuta kwa tochi mlango hadi mlango. Nyumba hiyo haikuwemo. Nikaufuata waya kwa macho kutoka kwenye paa lake, ukavuka barabara juu ya mgomba, ukaingia nyuma ya saluni.

Sikugonga mlango. Nilizima na kuwasha fezi ya saluni mara tatu, polepole, taarifa ya habari ikiendelea. Asubuhi mwenye nyumba alikuwa wa kwanza kwenye ofisi ya Sacco, ameshika pesa ya mita.